Gereji Iliyogeuka Chumba cha Mama: Mlango Tuuweke Wapi?

 

Wiki hii nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni tundu katika ukuta. Mwaka uliopita, nyumbani kwangu hapa Tudor, tuliigeuza gereji kuwa chumba cha kulala cha mama yangu mzazi. Kupaka rangi hakukutushinda, wala kuweka dari, wala kuvuta bomba la maji. Kilichotuweka wiki tatu nzima, fundi akija asubuhi na kuondoka adhuhuri bila ya kugusa mwiko, ni mlango. Kila mtu alikuwa na mahali pake pa kuuweka, na kila mmoja alikuwa na sababu yake njema.

Kwanza nikueleze jengo lilivyo. Gereji hiyo aliijenga marehemu baba kwa ajili ya gari lake, na gari lilishauzwa zamani. Mlikuwa mmebaki baiskeli mbovu, magodoro ya wageni na masufuria makubwa ya shughuli. Urefu wake ni futi 18 na upana futi 11. Mbele, palipokuwa na mlango wa mabati wa futi 8, inatazama uwanja wetu mdogo na geti, na nje ya geti ni barabara. Ubavu mmoja ni ukuta mtupu unaopakana na uchochoro usiopenya, ambao ndani yake mna milango ya nyumba mbili za majirani. Ubavu wa pili umeegemea nyumba yetu: sehemu kubwa yake imepakana na jiko, na mwisho wake ni ujia wa kwenda vyumba vya kulala.

Mama anakaribia miaka themanini. Alikuwa akikaa kwa ndugu yangu mkubwa, ghorofa ya tatu, na magoti yake yamekataa ngazi. Kwa muda wa miezi minane alikuwa hashuki ila kwenda hospitali. Hata rafiki zake wa darasa la wanawake walikuwa wakisimama chini na kumpigia simu, kwani wao pia ni wazee na ngazi zile wanaziogopa. Hiyo ndiyo iliyotufanya tuivue gereji mabati yake.

Fundi alitaka mlango ubaki mbele. Hoja yake ilikuwa nyepesi: juu ya uwazi wa zamani linta ipo tayari na imebeba mzigo wake kwa miaka, basi kazi ni kujaza mawe na kuacha nafasi ya mlango, bila ya kutoboa popote. Ndugu zangu walitaka uchochoroni, penye kivuli na utulivu, mbali na pikipiki za barabarani. Mke wangu alitaka jikoni. Alisema, "Mama nitamhudumia mimi. Chai yake, uji wake, dawa zake, vyote vinatoka jikoni. Kwa nini nizunguke nje na sinia wakati wa mvua?" Nami, nakiri, nilikuwa upande wake, kwa kuwa maneno yale yalikuwa ya wema na yalinipumzisha.

Lakini nilipolala usiku nikaanza kuwahesabu watakaopita. Nina ndugu wawili wa kiume, na hakuna siku ambayo mmoja wao hatakuja kumjulia hali mama yake. Wapo watoto wao wakubwa. Yupo mjomba. Wote hao, isipokuwa watoto wadogo, si maharimu wa mke wangu. Mlango ukiwa jikoni, shemeji atapita jikoni asubuhi, na mwengine atapita jioni, na mke wangu hatauvua mtandio wake mbele ya jiko lake mwenyewe, katika joto la Machi, mpaka siku atakayokufa. Mtume (s.a.w.) aliwaonya Masahaba juu ya kuingia kwa wanawake, na alipoulizwa kuhusu ndugu wa mume, alilijibu kwa ukali mkubwa kuliko walivyotarajia. Sisi wa pwani twalijua onyo hilo, na tunalisoma misikitini, kisha tunajenga nyumba ambazo haziwezekani kulifuata. Nilipomwambia mke wangu hayo alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo sikuliwaza. Nilikuwa nawaza sinia."

Kuna jengine ndani ya suala hilo la jikoni, na ndilo zito zaidi kwangu. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo anapaswa kuomba idhini anapoingia kwa mama yake, naye akamwambia ndiyo. Yule mtu akaeleza kwamba anaishi naye nyumba moja na kwamba ndiye anayemhudumia. Jibu halikubadilika: aombe idhini, kwani hapendi kumkuta mama yake hana nguo. Tazama jinsi swali lile linavyofanana na la mke wangu na sinia yake. Mwenye kuhudumia hudhani kwamba huduma ni idhini. Mlango wa jikoni, unaofunguliwa kwa kiwiko kwa sababu mikono imebeba sahani, ni mlango usiobishwa hodi. Na Suratun-Nur, katika aya ya 58, imewataka hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Mzee anayevaa leso moja akipumzika mchana ana haki ya nyakati hizo kama mke na mume walivyo nayo.

Tukauacha mlango wa jikoni. Ndugu zangu wakaona sasa uchochoro umeshinda.

Hapo ndipo nilipolazimika kukifungua kitabu. Sisi wafuasi wa Imam Shafi tunayo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kwenye mlango wa suluhu, maelezo mazuri sana juu ya njia. Njia inayopenya ni ya watu wote, na mwenye nyumba anaweza kufungua mlango wake hapo. Ama uchochoro usiopenya ni wa wale ambao milango yao imo humo. Mwenye ukuta tu, bila ya mlango, hana haki ya kufungua mlango isipokuwa kwa ridhaa yao. Hata yule ambaye tayari ana mlango humo, akitaka kufungua mwengine ulio ndani zaidi kuliko ule wa kwanza, washirika wake wana haki ya kumzuia. Akitaka kuusogeza karibu na mdomo wa uchochoro na akauziba wa zamani, hapo hazuiwi. Nimewafundisha vijana mlango huo mara nyingi madrasani, nikidhani ni habari za miji ya zamani. Kumbe ulikuwa unazungumzia ukuta wangu.

Basi nikaenda kuomba ridhaa. Jirani wa kwanza alikubali kabla sijamaliza maneno, na akanilaumu kwa kuuliza. Nyumba ya pili anakaa mama mjane na wanawe, na mlango wangu ungetazamana na wake uso kwa uso, upana wa uchochoro ukiwa ni hatua tano. Hapo mlangoni pake ndipo anaposhona alasiri, na hapo ndipo anapoanika nguo. Nilizungumza na mwanawe mkubwa, naye akaingia ndani kumuuliza mamake. Akakawia. Aliporudi akasema, "Mama anasema, kwani sheikh akiomba nani atakataa?"

Nilimshukuru nikaondoka, na njiani jibu lile likanichoma. Halikuwa ndiyo. Lilikuwa ni kutahayari. Wanazuoni wetu wamesema kwamba kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni haramu kwa mwenye kukichukua, na mtu anayeitwa sheikh mtaani huubeba upanga huo kila aendako, hata asipoukusudia. Bibi yule angeniachia uchochoro wake, kisha angehamisha kushona kwake ndani, gizani, na asingesema neno. Nikawaambia ndugu zangu kwamba uchochoro hapana. Mmoja wao aliona ninajitia ugumu usiokuwapo, kwani ruhusa imetolewa mbele ya mashahidi. Sikubishana naye sana.

Tulibakiwa na mbele, mahali pa fundi. Na mbele kulikuwa na aibu zake. Geti letu linapokuwa wazi, mpita njia anaona moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma wa gereji, na humo ndimo kitanda kitakamokaa. Tena upande huo unatazama kusini-mashariki, na sote tunajua kwamba mvua za masika huja na upepo wa kusi. Mlango wa zamani wa mabati uliliwa na kutu kwa sababu hiyo. Nilisimama pale na fundi tukiutazama uwazi ule wa futi 8 kama watu waliopoteza kitu. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sheikh, na mwenye kulala humu amesemaje?"

Nimekaa madrasani tangu utotoni. Nimeandika kuhusu haki za wazazi zaidi ya mara moja. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeuliza fundi, mke, ndugu, majirani na vitabu. Mama sikumuuliza. Nilimwona kuwa ni mzigo mtukufu unaotafutiwa mahali pa kuwekwa.

Nikapanda zile ngazi za ghorofa ya tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nikiwa na mlango mmoja wa ndani nitakuwa mgeni wa mkaza mwanangu. Nikiwa na mlango mmoja wa nje nitakuwa mpangaji wako. Mgeni siwi, na mpangaji siwi." Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka mlango wa mbele, ili rafiki zake wa darasani waje wakae naye bila ya kupita kwa mtu, na asikie watu wa barabarani, kwani miezi minane amesikia upepo tu. Na anataka mlango mdogo wa ndani wa usiku, usiwe wa jikoni. "Jiko lina mwenyewe," alisema. "Nami nilikuwa nalo langu, na sikupenda kuingiliwa." Nikamtajia habari ya geti na watu kuona ndani. Alicheka. Yeye ni mzaliwa wa Lamu, na aliniuliza kama nimesahau daka.

Kwa wasomaji ambao hawajabahatika kuzijua nyumba za mawe za Lamu: ukifika mlangoni hukabiliwi na nyumba, unakabiliwa na daka, ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe pande mbili. Ukiruhusiwa kuvuka mlango unaingia tekani, na hapo njia inapinda, ndipo ufike kiwandani penye mwanga. Kila pindo ni pazia la jiwe. Mgeni wa kiume ana chumba chake, sabule, na hana haja ya kupita kwa watu wa ndani. Baina ya nyumba na nyumba, juu ya njia, hujengwa wikio, ambalo wanawake wa ukoo hulipita bila ya kushuka barabarani. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na tukafurahi, kisha tukaendelea kujenga nyumba ambazo ukifungua mlango wa mbele unaona choo.

Tuliyoyafanya basi ni haya. Mlango hatukuuweka katikati ya ule uwazi, tuliusukuma kando, upande wa mbali na geti. Mbele yake, kwa masafa ya futi 5, fundi alisimamisha ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, wenye kiti cha jiwe upande wa ndani. Anayekuja hapati kusimama akaukabili mlango. Huingia nyuma ya ukuta, hutembea kwa ubavu, na hubisha hodi akiwa kando. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika mlangoni kwa watu hakuukabili kwa uso, alisimama upande wa kulia au wa kushoto, kwani siku hizo milango haikuwa na mapazia. Tumemjengea mgeni adabu hiyo ili aifuate hata asiyeijua. Na ukuta huo huo ndio unaopokea mvua ya kusi kabla haijafika kwenye kizingiti. Sehemu iliyobaki ya uwazi ilijazwa mawe na kuwekwa dirisha la vibao vilivyolazwa, ambalo aliye ndani huona nje na aliye nje haoni ndani.

Juu ya kizingiti nataka kusema zaidi, kwa sababu watu wengi hukosea hapa. Sakafu ya gereji hujengwa chini kuliko ya nyumba, na huwa na mteremko wa kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke. Ukiiacha hivyo, mzee atalala katika kitanda kilichoinama, na mvua itapata njia. Tuliimwaga upya: tuliisugua oili ya zamani, tukatandika karatasi ya nailoni kuzuia unyevu, tukainua zege mpaka ikawa sawa na sakafu ya ujia. Mbele iliinuka inchi 6. Kumbuka kwamba sakafu ikipanda, linta haipandi nayo. Uwazi uliokuwa futi 7 ulibaki futi 6 na inchi 6, na mlango wa mbao tuliokwisha kuununua ikabidi ukatwe chini. Pimeni kwanza, ndipo muende dukani. Upana wake, bila ya kuhesabu miimo, ni inchi 36, kwa sababu leo mama anatembea na mkongojo, na kesho huenda akahitaji kiti cha magurudumu.

Kwa zile inchi 6 za nje hatukuweka ngazi. Tuliweka mteremko wa futi 6, yaani futi moja ya urefu kwa kila inchi moja ya kupanda, nao unapita nyuma ya ule ukuta mfupi. Fundi alitaka ngazi moja tu, akasema ni ndogo. Kwa mwenye goti bovu hakuna ngazi ndogo. Bibi Aisha (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kwa nini mlango wa Al-Kaaba uko juu, naye akamweleza kwamba Makureshi waliuinua ili wamwingize wamtakaye na wamzuie wamtakaye, na kwamba lau si watu wake kuwa karibu na zama za ujahili, angeushusha mpaka ardhini. Habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tangu siku hiyo ya fundi na ngazi yake siisomi kama nilivyokuwa nikiisoma.

Mlango wa ndani ulikuwa na gharama, kwani ukuta ule umebeba paa. Ulitobolewa mwishoni, kwenye ujia, mbali na jiko. Magogo ya kuegemeza yaliwekwa kwanza, linta ikamwagwa na kukalia ukuta inchi 9 kila upande, na magogo hayakuondolewa mpaka wiki mbili zilipotimia. Anayewaambia kwamba ukuta wa namna hiyo hutobolewa asubuhi na mlango ukatiwa jioni, mwambieni aende akatoboe wa kwake. Na kibali cha kaunti kitafuteni kabla ya nyundo ya kwanza, kwani sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inakitaka. Mlango wa choo chake, nao, unafunguka kwa nje: mzee akianguka ndani, mlango wa kusukumwa humbana na hamtaweza kumfikia.

Kulikuwa na mzozo mdogo wa mwisho, wa komeo. Mke wangu aliogopa komeo lolote kwenye mlango wa ndani, lisije likatuzuia usiku wa dharura, na akapendekeza pazia tu. Mimi nilikuwa nakumbuka ile hadithi ya Muwatta. Safari hii tulimuuliza mwenyewe kabla ya kushindana. Akasema komeo liwe upande wake, mchana atalifunga yeye akitaka, na usiku halitafungwa. Ndivyo ilivyo mpaka leo. Mke wangu hupeleka sinia kupitia ujiani, huiweka juu ya meza ndogo tuliyoitia hapo, hubisha kwa kidole, na husubiri. Ndugu zangu hupita mbele, na jikoni kwake mtandio unatundikwa ukutani.

Siku ya pili baada ya kuhamia, mama aliamka mapema akapika vitumbua kwa jiko dogo la gesi, kazi ambayo hatukumruhusu na hakutuuliza. Sahani ya kwanza nilidhani ni ya yule mama wa uchochoroni, ambaye ukuta wetu ni mmoja. Mama akakataa. Alinikumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliuliza ampe zawadi jirani yupi kati ya wawili, akaambiwa ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hakuambiwa ukuta. Akaushika mkongojo wake, akatoka nyuma ya daka letu, akashuka ule mteremko na kwenda mpaka getini huku akihesabu hatua kwa sauti. Nyumba ya mkabala wa geti ilikuwa hatua ishirini na mbili. Ya uchochoroni, kwa kuzunguka, ilikuwa arubaini na moja, na sahani ya pili akaipeleka huko yeye mwenyewe, akakaa mpaka adhuhuri akitazama kushona.